Ratiba: Mfuatano Kabla ya Saa

Kabla pwani ya Afrika Mashariki haijaijua karatasi ya saa na dakika, mwaka wake ulipangwa na upepo. Kaskazi ilianza kuvuma karibu na Desemba, ikaleta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi ikashika zamu kuanzia Aprili na kuyarudisha. Juni na Julai, kusi ilipokaza, bahari ilifungwa. Nahodha aliyekawia Lamu au Zanzibar mpaka upepo ukamtupa mkono alikaa miezi akisubiri mwingine. Wakulima na mabaharia walikuwa pia na mwaka wa jua wa siku 365, ulioanza siku ya Nairuzi na kugawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, unaosherehekewa kila Julai, ni urithi wa hesabu hiyo.

Siku nayo ilipangwa na swala tano, na humo ndimo unamoonekana ukoo wa neno ratiba. Mzizi wake wa Kiarabu unabeba maana ya kupanga na kudumisha. Nyiradi zinazosomwa kila siku kwa mpangilio maalumu huitwa ratibu, na mashuhuri kati yake ni ile ya Imam Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, Hadhramaut (1634–1720), inayosomwa hadi leo katika misikiti ya pwani. Anayeisoma huchunga kipi kinatangulia, kipi kinafuata, na kila kimoja kirudiwe mara ngapi.

Kiswahili kilipopokea maneno ya Kiarabu ya aina hii kiliyagawia kazi upya. Kwa Waarabu wa leo, raatib ni mshahara, jadwal ndiyo ratiba, na taqwim ni kalenda. Kwetu jadwal imekuwa jedwali la safu na mistari, taqwim ikageuka takwimu, na kazi ya kupanga mambo kwa wakati ikaachiwa ratiba, ndugu wa utaratibu na mratibu.

Reli ndiyo iliyoleta mpango wa dakika. Njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Ziwa Victoria, mahali palipo Kisumu leo, Desemba 1901. Ile ya Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Njia ilikuwa moja kwa kwenda na kurudi, hivyo treni moja ilibidi ipishe nyingine stesheni. Wakuu wa stesheni wasipokubaliana saa, treni zingekutana uso kwa uso. Shule na ofisi zikafuata, kwa kengele na vipindi vyake.

Hapo zikakutana saa mbili: serikali ilihesabu kuanzia usiku wa manane, Waswahili kuanzia macheo na machweo. Hazijaachana hadi sasa. Tiketi ya basi inaandikwa 06:00, naye kondakta anamwambia abiria afike saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa sababu basi linaondoka saa kumi na mbili kamili. Wanaelewana vizuri kabisa.

Itazame sasa ratiba ya msiba inayogawiwa waombolezaji Dar es Salaam: mwili kuwasili nyumbani, chakula, ibada, wasifu wa marehemu, kuaga, kuelekea makaburini, mazishi, mashada. Kushoto kuna saa, kulia kuna shughuli. Shughuli ikichelewa saa nzima, watu wanavumilia. Lakini mshereheshaji akiita mashada kabla kaburi halijafukiwa, wazee watamsimamisha hapo hapo. Anayelalamika kwamba Waswahili hawajali ratiba amesoma safu ya kushoto tu. Ya kulia ndiyo yenye asili ya zamani, na hiyo inalindwa.