P0301 ni lugha ya nani?
Ukiona "P0301" kwenye mashine ya fundi, usidhani ni namba ya stoo. Ni lugha, tena ina historia. California ilidai magari mapya yajipime yenyewe kuanzia ya mwaka wa 1988, lakini kila kampuni ikawa na lahaja yake. Kuanzia magari ya 1996, Marekani nzima ikasanifisha msimbo. Hofu ilikuwa moshi, si mfuko wa mwenye gari. P ni injini na gia, 0, msimbo wa kampuni zote, 3, uwashaji, 01, silinda ya kwanza inakosa moto.

Gereji moja, kwa msimbo huo huo, ilitaka kuniuzia "sevisi kubwa": oili, filta, hata maji ya breki! Nikakataa. Mimi huanza na plagi ya silinda hiyo na koili yake, ndipo injekta. "Sevisi kubwa" haina kamusi. Kila gereji huijaza ipendavyo. Itisha orodha kwanza.