Neno 'smart': kutoka maumivu hadi akili

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowapa taabu wanafunzi wetu katika somo la tafsiri, 'smart' limo mstari wa mbele. Mmoja huandika 'nadhifu', mwingine 'mwerevu', wa tatu 'mjanja', na kila mmoja hudai alama zake. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba wote watatu wana haki, ila si mahali pamoja, na kwamba sababu imo katika historia ya neno lenyewe.

Katika Kiingereza cha Kale, kitenzi 'smeortan' kilimaanisha kuuma au kuwasha, kama kidonda kinavyowasha. Wajerumani, ambao lugha yao ina nasaba moja na Kiingereza, wangali na neno 'Schmerz', yaani maumivu. Hata leo Mwingereza aliyeingiwa na moshi machoni hukitumia kitenzi hicho. Pigo linalouma huwa kali na la haraka; ndivyo neno lilivyohamia kwenye wepesi, kisha kwenye ulimi wenye majibu ya kuchoma. Kufikia karne ya 17 lilikuwa limekwisha kuelezea akili nyepesi, na katika karne ya 18 likaongezewa maana ya mavazi ya kupendeza. Baadaye Waingereza waliegemea zaidi mavazi, Wamarekani wakaegemea akili.

Safari hiyo isitushangaze. Kiswahili nacho kina kisu kikali, pilipili kali na jua kali, na vijana wetu humwita mchezaji hodari 'mkali wa soka'. Kinachokata na kuchoma kimegeuka sifa ya ubingwa.

Ikumbukwe kwamba Uganda ilitawaliwa na Waingereza tangu 1894 hadi 1962. Hivyo basi, 'smart' iliyoota mizizi hapa ni ya viatu vilivyong'arishwa na sare iliyopigwa pasi. Mzazi wa Kampala akimtaka mwanawe aende shuleni akiwa 'smart', hamtaki awe wa kwanza darasani. Lakini vitabu na filamu za Kimarekani vinatuletea maana ile nyingine, na hapo ndipo hatari ilipo. Barua ya mwalimu wa Marekani inayomsifu mwanafunzi kwa neno hili ikitafsiriwa 'mtanashati', mwanafunzi huyo atakuwa amesifiwa shati badala ya kichwa, na huenda akakosa nafasi aliyostahili.

Aidha, neno limevuka kutoka kwa watu hadi kwa vyombo. Wakati wa vita vya Vietnam, Wamarekani waliliita hivyo bomu linaloongozwa hadi kwenye shabaha yake. Baadaye zikafuata kadi na simu. Kiswahili kikapata 'simu janja'. Jina hili limeenea, wala hatudhani litang'oka. Hata hivyo, mjanja wa hadithi zetu ni sungura, anayemshinda simba kwa hila. Sifa na lawama zimekaa kwake pamoja. Simu haina hila. Wenye hila ni baadhi ya wanaoishika. Ndiyo maana wengine wamependelea 'simumaizi', kwa kuwa kumaizi ni kutambua, bila harufu ya udanganyifu.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi huo unahitaji vitabu, na vingi kati ya hivyo vitapitia mikononi mwa watafsiri tunaowafunza sasa. Kwa hiyo tunawasihi wanafunzi wasiridhike na neno la kwanza wanalolikuta kwenye kamusi. Waulize kwanza: nani amesema, yuko wapi, na anasifu nguo, akili au chombo? Atakayejibu maswali hayo hatahitaji kubishania alama.