Mcheshi Akifa, Nani Apewe Kicheko?

Mume mcheshi, baba aliyekuwa akiwavunja mbavu watoto kwa kuigiza sauti za majirani, ni marehemu mgumu kumsimulia. Wasifu unaosomwa msibani haumwezi: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alioa, aliugua, ameacha mjane na watoto. Yote ni kweli, ila yeye mwenyewe hayumo. Ziko jamii zilizokwishaipatia kazi hii mwenyewe, na zinakutana katika jambo moja: kicheko hazimtwishi mjane wala watoto. Hukabidhiwa mtu wa pembeni.

Tanzania mtu huyo ni mtani. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi unahusishwa na misafara ya biashara ya karne ya 19 iliyowateremsha wapagazi wa bara hadi pwani. Ule wa Wahehe na Wangoni ulitokana na vita vyao. Msibani mtani huvaa nguo za marehemu, huigiza mwendo wake, hujilaza kaburini na kugoma kutoka mpaka alipwe. Atataja ulevi wa marehemu na uchoyo wake mbele ya wazee, na mfiwa haruhusiwi kununa. Wapo wanaosema huko ni kumtukana maiti, na dini zimekataza. Hoja hiyo ina uzito, hasa pale mtani anapoligeuza jeneza kuwa kitega uchumi. Lakini mtani huyohuyo ndiye mara nyingi anayeshika jembe na kuhangaikia chakula cha waombolezaji. Tena anajua kwamba zamu yake ikifika, naye atafanyiwa vivyo hivyo.

Katika kijiji cha Săpânța, kaskazini mwa Romania, kazi hiyo ilishikwa na mchongaji. Stan Ioan Pătraș alianza mwaka 1935 kuchonga misalaba ya makaburini kwa mti wa mwaloni, akaipaka buluu, akaweka picha ya marehemu na shairi fupi ambamo mara nyingi marehemu mwenyewe ndiye anayesema. Mpenda chupa alichongwa na chupa yake. Pătraș alifariki mwaka 1977, na mwanafunzi wake, Dumitru Pop, akaiendeleza kazi. Maneno ya mtani huisha matanga yakianuliwa. Ya Săpânța husomwa na wajukuu, hata na watalii. Kudumu huko kuna gharama: mchongaji akizidisha chumvi, mjane atapishana na shairi hilo kila aendapo kanisani.

New Orleans, Marekani, wameiachia bendi. Vyama vya kusaidiana vya Wamarekani weusi vilichangishana ili mwanachama azikwe kwa heshima, na heshima ilikuwa pamoja na matarumbeta. Njiani kwenda makaburini hupigwa nyimbo za dini, polepole. Baada ya kuagana na maiti muziki huchangamka, na umati unaofuata nyuma huanza kucheza, miavuli na leso juu. Utaratibu huu una adabu yake: kilio kinatangulia, furaha inafuata. Ila tarumbeta halisemi kila kitu. Linatangaza kwamba marehemu aliyafurahia maisha, halisemi nani aliyalipia.

Hapo ndipo ninapoupa utani ushindi. Wapo wanaume wanaochekesha baraza zima, wakifika nyumbani hawana neno. Wapo waliowanunulia rafiki vinywaji huku ada ya shule ikingoja, na mke anayajua yote. Bendi haiwezi kuyagusa. Msalaba huyagusa milele. Mtani huyasema mara moja, watu wakacheka, mjane naye akacheka kwa kuwa hatimaye kuna aliyesema, kisha ujira unalipwa na neno linafungwa.

Mijini desturi hii inafifia. Kipaza sauti kiko kwa mshereheshaji ambaye hakuwahi kuketi na marehemu, na ratiba inakimbizana na saa ya kuzika. Basi kama marehemu wenu alikuwa mtu wa furaha, msiandike tu vyeo vyake. Mtafuteni mtani wake, shemeji yake au mjukuu wake, mpeni dakika tano baada ya wasifu, na asikatizwe.