Nakshi zisizo na mshono: kutoka kwenye mkeka hadi kwenye tovuti

Nakshi isiyo na mshono ni picha ndogo inayorudiwarudiwa nyuma ya maandishi ya tovuti bila jicho kuona mahali picha moja inapoishia na nyingine kuanzia. Wasanifu huiita kigae, kwa kuwa hupangwa kama vigae vya sakafu.

Pwani tunaijua kazi hii kwa mikono. Mkeka wa ukindu huanza na ukili, utepe mrefu mwembamba uliosukwa, ambao hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upatikane upana unaotakiwa. Msusi hodari hupanga rangi ili upande mmoja upokelewe na wa pili.

Ilianza lini?

Kivinjari cha Netscape kiliruhusu picha nyuma ya ukurasa mwaka 1995. Desemba 1996 ilitoka CSS, lugha ya kupamba kurasa, iliyompa msanifu uwezo wa kuamua picha ijirudie kwenda pembeni, kwenda chini, kote, au isijirudie kabisa.

Faida kwa msomaji

Mtu aliye Vigwaza, kando ya barabara ya Morogoro kati ya Mlandizi na Chalinze, hufungua tovuti kwa simu na kwa bando alilonunua. Picha ya pikseli 1,920 kwa 1,080 ina pikseli zaidi ya milioni 2. Kigae cha 200 kwa 200 kina pikseli 40,000 tu, yaani ni kidogo zaidi ya mara 50. Simu hukipakua mara moja, kisha hukirudia yenyewe hadi ukurasa ujae. Picha nzito humlipisha mteja kabla hajaona hata bei ya bidhaa, na wengi huondoka.

Kitenge au khanga?

Kitenge kinafaa, kwa kuwa vingi huchapwa kwa mchoro unaojirudia kwa urefu wa jora zima. Khanga ni nguo ya namna nyingine: ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina lake, yaani yale maneno. Ukiirudia nzima, pindo zitakata ukurasa vipande vipande na methali itasomeka mara kumi. Chagua sehemu ya mji yenye ua au nukta zinazojirudia.

Namna ya kutengeneza

1. Piga picha ya mkeka au kitambaa kilichonyooshwa, ukiwa juu yake moja kwa moja, kivulini. Jua la upande mmoja huacha giza upande wa pili, na kila kigae kitaonyesha mstari.

2. Kata mraba unaobeba nakshi kamili. Ukianza katikati ya ua, ishia katikati ya ua lile lile linapojirudia.

3. Kwa programu ya bure kama GIMP, sogeza picha nusu ya upana na nusu ya urefu, ili kinachotoka upande mmoja kiingie upande wa pili. Kingo sasa zimekutana katikati na mshono unaonekana. Ufute kwa kunakili sehemu za jirani.

4. Punguza ukali wa rangi. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG unataka tofauti ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na kilicho nyuma yake.

5. Jaza ukurasa mzima, kisha utazame ukiwa mbali kidogo. Mistari au madoa yanayojipanga yakionekana, rudi hatua ya tatu.

Nakshi ina mwenyewe

Mchoro wa kitenge ni kazi ya msanii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 hulinda kazi za sanaa, na ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. Kabla ya kutumia mchoro wa kiwanda katika tovuti ya biashara, pata ruhusa. Maswali yapelekwe COSOTA. Kwa mkeka, zungumza na aliyeusuka, mkubaliane malipo, na umtaje akiridhia. Nakshi yake inauza bidhaa zako, naye anastahili kupata chake.