Chakula cha Bei Rahisi Wrocław Kilikuja na Treni

Wadau, kila nikisema niliishi Poland naulizwa maswali mawili tu: baridi iko aje, na bia ni bei gani. Baridi tuiache. Hii ya bia na chakula ndiyo nataka tuiongee vizuri, maana mtandaoni kuna video kibao za watu wamesimama katikati ya Wrocław wakitafuta "chakula cha asili cha hapa", na karibu zote zinakosea mahali pamoja.

Kwanza niwaambie nilifikaje. Nilienda Wrocław (inasomwa Vrotswaf, usijiumize ulimi) kusoma chuo. Nikafika mihula miwili, karo ikashinda familia, nikaacha. Kabla nipate nauli ya kurudi nyumbani nilikaa miezi kadhaa nimesota vibaya sana. Nilikuwa nasambaza chakula kwa baiskeli, yaani mchana kutwa nina burger za watu mgongoni na tumbo langu halina kitu. Nyumbani walikuwa bado wanajua niko darasani. Hiyo sikuwa nimewaambia.

Msee mmoja tuliyekuwa naye kazini, mzaliwa wa hapo, aliniona nikikula mkate mkavu nje ya duka akanivuta mkono. Akanipeleka bar mleczny. Maana yake ni baa ya maziwa, na usiende ukitegemea pombe, hakuna. Fikiria kibanda chetu cha chapo na madondo, ila ndani ya jengo la mawe, na serikali inalipa sehemu ya bili yako.

Hii kitu ni ya zamani. Ya kwanza ilifunguliwa Warsaw mwaka 1896, barabara ya Nowy Świat, na tajiri mwenye mashamba na ng'ombe anaitwa Stanisław Dłużewski. Aliuza maziwa, mayai na vyakula vya unga, vitu ambavyo mfanyakazi wa kawaida angeweza kulipia. Zikaenea. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakomunisti wakazichukua na kuzifungua kila mahali, kwa sababu nyama ilikuwa adimu na watu walilazimika kula kitu. Unga, maziwa, viazi, kabichi. Kulikuwa na kero pia, tusidanganyane. Filamu ya Stanisław Bareja inaitwa Miś, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ina kipande maarufu ambapo bakuli zimefungwa kwa meza na skrubu, na vijiko viko kwa mnyororo ndio watu wasiibe. Wapoland wanakicheka mpaka leo.

Ukomunisti ulipoanguka 1989, nyingi zilikufa. McDonald's zikaingia, kila mtu akataka kuonekana wa kisasa. Zilizobaki zilibaki kwa sababu serikali mpya iliendelea kutoa ruzuku kwa vyakula visivyo na nyama. Na pia kwa sababu kuna watu walikataa. Desemba 2011, bar Prasowy ya Warsaw ilipofungwa, vijana waliingia ndani bila ruhusa wakaanza kupika na kugawia watu. Ilifunguliwa tena 2013. Mimi hiyo hadithi naipenda kuliko sanamu zote za majenerali nilizopigia picha huko.

Yangu ilikuwa Miś, barabara ya Kuźnicza, karibu na majengo ya chuo kikuu. Jina ni kama la ile filamu, maana yake dubu mdogo. Unaingia, unapanga laini, unasoma ubao ukutani, unalipa kwanza, unapewa risiti, unaipeleka kwa dirisha la jikoni. Hakuna mtu atakuja kukuuliza kama umefurahia chakula chako. Mama wa dirishani anaita jina la chakula mara moja, kwa sauti, na kama hujaskia ni shauri yako. Ukimaliza, unarudisha trei mwenyewe. Kwa meza moja utapata mwanafunzi, mzee wa pensheni, fundi wa mjengo na wakili na tai yake. Supu, sahani ya pierogi na glasi ya kompot, yale maji matamu ya matunda yaliyochemshwa, na bado ulikuwa unalipa pesa ambayo katikati ya mji hainunui hata kipande kizuri cha pizza.

Supu niliyozoea ni żurek. Inapikwa na unga wa shayiri nyeusi uliochachushwa siku kadhaa. Siku ya kwanza nilipoionja nilinyamaza kidogo. Ni ule uchachu wa uji wa wimbi uliolazwa, kabisa, ila wameutia chumvi na yai.

Sasa tuingie kwa pierogi ruskie, hapo ndipo zile video zinapotea. Ni vifurushi vya unga vyenye viazi, jibini nyeupe na kitunguu ndani, na kila mtalii anaambiwa ndicho chakula cha asili cha Wrocław. Siku moja shosho mmoja alikaa mbele yangu, akaona navikata kwa kisu na uma kama mtu wa hoteli kubwa, akacheka akanionyesha jinsi ya kuvizungusha kwa kitunguu cha kukaanga. Msee wangu akatafsiri. Shosho alisema mama yake alikuja huku kutoka Lwów, ndani ya behewa la mizigo, na ng'ombe wao humo humo.

Lwów iko wapi? Iko Ukraine, leo inaitwa Lviv.

Mpaka 1945, Wrocław ilikuwa mji wa Ujerumani. Iliitwa Breslau, na kabla ya vita ilikuwa na watu zaidi ya laki sita, karibu wote Wajerumani. Hitler akaigeuza ngome, ikazingirwa na jeshi la Wasovieti, ikasalimu amri tarehe 6 Mei 1945 ikiwa magofu. Halafu wakubwa wakachora ramani upya: Stalin akabaki na mashariki ya Poland, Poland ikapewa mashariki ya Ujerumani. Wajerumani wakafukuzwa. Wapoland wakaja kukaa katika nyumba ambazo zilikuwa bado na vyombo vya watu wengine kabatini. Wengi walitoka sehemu mbalimbali za Poland, na wengine walikuwa wa huko mashariki kulikochukuliwa, kama mama yake shosho. Hata sanamu ya mwandishi Aleksander Fredro iliyo katikati ya soko kuu ilitolewa Lwów, ikasimamishwa hapo 1956. Na pierogi ruskie ni chakula cha huko huko mashariki. Ruskie haimaanishi ya Warusi, ni ya Rus, jina la zamani la nchi hizo. Urusi ilipovamia Ukraine 2022, mahoteli kadhaa Poland yalifuta jina hilo kwa menyu na kuandika pierogi za Kiukreni.

Kwa hivyo unapokula "chakula cha asili cha hapa" unakula chakula cha watu waliohamishwa, na kiliwakuta hapa kama wao wenyewe, kwa treni.

Na sio mbali nasi vile mnadhani. Wapoland wa mashariki waliopelekwa Siberia na Wasovieti kuanzia 1940, maelfu yao waliachiliwa wakapitia Iran na kuishia Afrika Mashariki. Tengeru karibu na Arusha kulikuwa na kambi ya karibu watu elfu tano, na makaburi yao bado yako. Masindi, Uganda, waliacha kanisa. Kenya nao walikuwepo, kwa mfano Rongai na Makindu. Vita vilipoisha, nyumbani kwao hakukuwa tena Poland. Mimi nilisoma shule Kenya miaka yote hiyo na sikuwahi kuambiwa hili na mwalimu yeyote. Nilikuja kulijua nikiwa nimeacha chuo, kwa simu, trei ya supu mbele yangu.

Haya, bia. Chini ya jumba la manispaa kuna Piwnica Świdnicka, sehemu ya kunywa iliyotajwa tangu 1273. Jina ni la mji wa Świdnica, kwa sababu bia nzuri ilitoka huko, na baraza la mji ndilo lilishikilia biashara yake. Krismasi ya 1380, mtawala wa Legnica alimtumia ndugu yake, aliyekuwa mkubwa kwa mapadre wa kathedrali, mapipa ya hiyo bia. Baraza likayakamata: hamlipi, hamuuzi. Kanisa likajibu kwa kufunga huduma mji mzima, hakuna misa. Mwaka uliofuata Mfalme Wenceslas akaja mwenyewe, akaomba marufuku iondolewe, akakataliwa, na askari wake wakapora mali ya kanisa. Kwa mapipa ya bia, manze. Mpaka Papa aliingizwa kabla yaishe 1382.

Wrocław pia ilikuwa na bia yake ya ngano, Schöps, nzito na maarufu zamani, ikafa karne nyingi zilizopita. Kiwanda kidogo kilichofunguliwa 2014, Browar Stu Mostów, kimeifufua. Niliinywa mara moja, nikalipa kwa machozi. Ni tamu, ina ladha ya mkate. Piast utaipata supamaketi kwa bei ya watu, lakini kiwanda chake cha Wrocław kilifungwa 2004, kwa hivyo usije kuniambia umekunywa bia ya mji. Ushauri wangu: okoa pesa kwa chakula, kisha nunua glasi moja tu ya bia ya maana uinywe polepole.

Siku ya mwisho nilipita Miś na begi langu. Usiku wake nilikuwa nimempigia mathe nikamwambia ukweli wa chuo. Alinyamaza, halafu akauliza, "Na umekuwa ukikula nini miezi yote hiyo?" Nilikuwa bado nafikiria jinsi ya kumweleza wakati mama wa dirishani aliita "ruskie!", mara moja tu, na ilibidi nikimbie.