Mkondo wa Bahari Hauna Njia ya Wastani

Katika atlasi nyingi za shule, mkondo wa bahari huchorwa kwa mshale mmoja: mwekundu kwa maji ya vuguvugu, wa buluu kwa maji ya baridi. Mshale huo ni wastani wa vipimo vya miaka mingi, na kwa baadhi ya mikondo wastani huo unatosha. Hoja ya makala haya ni kwamba kuna mikondo mikubwa ambayo wastani wake ni njia ambayo maji hayaipiti kabisa, au huipita kwa siku chache tu yanapokuwa yanahama. Nitaitazama miwili: Kuroshio wa Japani, na mkondo wa Somalia ambao mwanzo wake uko katika pwani yetu.

Naanza na Japani kwa sababu rekodi zake ni ndefu. Kuroshio hutoka kusini, hupita kando ya Kyushu na Shikoku, kisha hufika rasi ya Shionomisaki, ncha ya kusini ya rasi kubwa ya Kii. Kuanzia hapo kuna njia mbili. Ama mkondo hushikamana na pwani na kuelekea mashariki, ama huiacha pwani, hushuka hadi kusini ya latitudo ya digrii 32, kisha hupinda na kurudi kaskazini karibu na safu ya visiwa vya Izu. Mchepuko huu mkubwa ukishaanza huweza kudumu kwa miaka. Wa karibuni zaidi ulianza Agosti 2017 ukaisha Aprili 2025, nao ndio mrefu kuliko yote katika takwimu zinazolinganishwa tangu 1965. Ukizichanganya njia hizo mbili na kutafuta kati yake, utapata mstari nadhifu ambao mvuvi wa pwani ya Tokai hatauona baharini.

Namna Wajapani wanavyoufuatilia mkondo huo ni ya kupendeza. Pande mbili za Shionomisaki kuna vituo viwili vya kupima usawa wa bahari, Kushimoto na Uragami, vilivyo jirani kabisa. Kuroshio ukipita karibu na rasi, usawa wa maji katika vituo hivyo huachana kwa kiasi kinachoonekana wazi. Ukiihama pwani, tofauti hupungua na hubaki ndogo muda wote wa mchepuko. Kwa kutoa namba moja katika nyingine, mtafiti anajua mkondo uko katika hali ipi.

Hapa ndipo wastani unapoweza kupotosha hata elimu ya tabianchi. Vipimo vya kuaminika vya satelaiti kuhusu usawa wa bahari vilianza mwaka 1992, setilaiti ya TOPEX/Poseidon ilipopelekwa angani. Tangu hapo hadi 2025, Kuroshio ulichepuka kwa muda mrefu mara mbili: 2004 hadi 2005, na 2017 hadi 2025. Mchepuko wa pili, ambao ndio mrefu, umeangukia mwishoni mwa rekodi. Mtu akichora mstari wa mwelekeo juu ya data hizo ataona mkondo unasogea kusini mwaka hadi mwaka, na anaweza kuharakisha kulihusisha hilo na ongezeko la joto duniani. Kilichotokea ni kwamba mkondo ulikaa muda mrefu katika mojawapo ya hali zake mbili za siku zote. Sikatai kwamba joto linaweza kuhamisha mikondo. Ninachosema ni kwamba lazima kwanza tutenganishe hali na hali, ndipo tuulize kama kila moja imesogea.

Kwetu mambo ni makali zaidi, kwa kuwa hali mbili za mkondo wa Somalia zinakwenda pande zinazopingana. Maji ya mkondo wa ikweta wa kusini huifikia Afrika karibu na Rasi Delgado na kugawanyika. Tawi la kaskazini hupita Mtwara, Mafia, Unguja na Pemba, na huelekea kaskazini mwaka mzima. Kinachobadilika ni mwisho wake. Wakati wa kusi huvuka ikweta na kuulisha mkondo wa Somalia, ambao mwezi Juni huweza kufikia mita 3.5 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 12 kwa saa. Wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia hugeuka kusini, na mikondo hiyo miwili hukutana kati ya latitudo za digrii 2 na 4 kusini, takriban baina ya Lamu na Mombasa, kisha yote hupinda kuelekea mashariki. Wastani wa mwaka wa mkondo wa Somalia ni mwendo wa polepole wa kaskazini. Januari haupo, wala Julai haupo.

Wengi hujibu kwamba pepo za msimu zinatosha kuyaeleza haya: upepo ukigeuka, maji yanafuata. Mwaka 1969 James Lighthill, mwanahisabati wa Uingereza, alionyesha kwa hesabu kwamba upepo wa katikati ya bahari huzaa mawimbi mapana yanayosafiri kuelekea magharibi na kuuamsha mkondo pwani. Miaka mitatu baadaye Ants Leetmaa alichapisha vipimo vya msimu wa 1970: maji ya pwani yaligeuka kabla pepo za kusi hazijashika huko kwenye bahari kuu. Kwa hiyo maelezo ya Lighthill peke yake hayakutosha. Lakini wazo la mawimbi ya mbali halikufa. Lisa Beal na Kathleen Donohue, katika utafiti wa 2013, walionyesha kwamba duara kubwa la maji lililo mbele ya pwani ya Somalia huanza Aprili, mawimbi ya aina hiyo yanapofika pwani, wiki kadhaa kabla ya kusi kukolea, na hubaki hata baada ya upepo kutulia. Kalenda ya maji si kalenda ya upepo. Manahodha wa majahazi ya Oman na Ghuba walilijua hili kwa vitendo: walirudi kwao mwanzoni au mwishoni mwa kusi, na katikati ya msimu walikaa bandarini.

Tungependa basi kuiga Shionomisaki na kusoma mkutano wa mikondo yetu kutoka vituo vya Lamu na Mombasa. Fizikia inatuzuia kidogo. Mwinamo wa uso wa bahari unaosababishwa na mkondo hutegemea nguvu ya Coriolis, na katika latitudo ya digrii 3 nguvu hiyo ni takriban sehemu moja ya kumi ya ile ya Shionomisaki. Kwa mwendo uleule wa maji, alama tunayoitafuta ni ndogo mara kumi, na mawimbi na maji kujaa na kupwa yanaweza kuifunika. Vituo vya pwani havitatosha. Panahitajika vipima mwendo vya maji vilivyotiwa nanga mbele ya Lamu, Malindi na Mombasa, vikae humo mwaka hata mwaka, na viandike tarehe ambayo mkutano wa mikondo unahama. Tarehe hiyo ndiyo inayokosekana, na ndiyo itakayowafaa wavuvi wa vilindi vya kaskazini mwa Kenya, ambao msimu wao hutegemea mahali maji hayo yanapokutana.