Jina la Duka Juu ya Mtutu: Kusoma Bunduki za Zamani za Ayivu

Bunduki ya marisau ikiwa na jina la Kiingereza juu ya mtutu, haraka tunaiita "ya Mwingereza". Kwa bunduki za enzi ya ukoloni ushahidi huo hautoshi, kwa sababu mara nyingi jina hilo ni la duka tu. Mafundi wa Birmingham walikuwa na desturi ya kuuza bunduki isiyo na jina, kisha mwenye duka, awe London au Nairobi, akachongesha lake. Huko Nairobi, Shaw & Hunter na Charles A. Heyer walijulikana kwa biashara hiyo. Hata wenye sifa kubwa hawakutengeneza kila kitu: mwindaji W. D. M. Bell aliua ndovu wengi kwa bunduki za Rigby wa London (hizi ni za risasi moja, si za marisau), lakini mtambo wake ulitoka kwa Mauser, Ujerumani.

Basi tutazame wapi? Chini ya mtutu, karibu na chemba ya risasi, baada ya kuufungua kutoka kwenye tako. Huko hugongwa alama za nyumba ya majaribio ya baruti. Birmingham, tangu 1904, iligonga taji na herufi BP na BV. Liège ya Ubelgiji iligonga ELG ndani ya duara refu. Bunduki ya kigeni iliyojaribiwa Uingereza baada ya 1925 iliandikwa wazi kwamba si kazi ya Kiingereza. Alama hizi hutaja mahali pa jaribio; fundi mwenyewe hutafutwa kwa herufi ndogo za jina lake zilizo kando, zikiwapo.

Kwetu Ayivu jambo hili lina uzito wa pekee. Eneo la Lado alikodishiwa Mfalme Leopold II mwaka 1894, likaenda Sudan 1910 baada ya kifo chake, na sehemu hii ya West Nile ikaingia Uganda 1914. Kwa hiyo ELG yaweza kumaanisha bunduki iliyokuja na Wabelgiji, au iliyonunuliwa dukani miaka mingi baadaye, maana Liège iliuza dunia nzima. Kinachosaidia kutofautisha ni herufi ya mwaka, ambayo Liège ilianza kuigonga 1922. Yenye herufi hiyo haikuletwa na utawala wa Leopold, hata kama wazee wa ukoo wanasimulia hivyo. Isiyo nayo inaacha masimulizi yao yakiwezekana, na mimi singeyapuuza.

Itifaki ya Nairobi ya 2004 inazitaka nchi zetu ziweke alama kwenye silaha na kuziharibu zilizokamatwa. Ni sawa kwa usalama. Ila bunduki ikishayeyushwa, alama zake zimekwenda nayo, na picha moja ya chini ya mtutu haichukui hata dakika mbili.